Nilivyofungwa kwa jogoo wa msibani, na rufaa iliyonirudisha kizimbani

Wakuu, mwangaluka. Msiojua Kisukuma itikieni vyovyote, hakuna anayekagua.

Mimi huwa nasoma nyuzi za watu humu na kupita kimya. Elimu yangu ni ya msingi, naandika polepole, na hata nikiwa na neno zuri huwa naishia kulimeza.

Lakini jana nimeona kijana mmoja anauliza kama mtu aliyehukumiwa kwa wizi mdogo anaweza kukata rufaa. Mkuu mmoja akamjibu kwamba rufaa ni ya wenye magari. Nikasema hapana, hapa siwezi kupita. Mimi nimefungwa kwa jogoo, wakuu. Na nimekata rufaa kwa jogoo.

Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na ni pengi. Majina ya watu nimebadilisha. Jogoo hakuwa na jina.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nimerudi Shinyanga kusalimia nyumbani nikitokea machimboni Geita. Kule nilikuwa na nafasi kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu. Mwenye duara aliniambia niende nikasalimie ila nisikawie.

Machimboni kuna jambo ambalo halijaandikwa popote lakini kila mtu analijua. Ukishaitwa mwizi, hushuki tena shimoni na wenzako. Mle chini mwenzako anakushikia kamba na wewe unamshikia yake. Nani atampa mwizi kamba?

Lishikeni hilo, maana ndilo lililoninyima usingizi kuliko gereza lenyewe.

Shinyanga nilifikia Kambarage, kwa mjomba Machibya, fundi baiskeli. Mjomba alikuwa na mdomo mkubwa kama spika ya mkutano wa hadhara. Mimi nadhani sauti yote ya ukoo alipewa yeye, ndiyo maana kwangu haikubaki kitu.

Jirani yake alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo aliyekuja na kazi ya reli akastaafia hapohapo. Sasa kwa vijana wa siku hizi: Msukuma na Mzaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana, kukucheka na hata kuchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

Basi mjomba na Mzee Kondo walitukanana kila asubuhi juu ya ua, miaka na miaka.

"Machibya, umeamka? Nilidhani michembe yenu ya viazi imekuziba roho."

"Nimeamka, Mzaramo mvivu. Wewe umeamkaje bila mtu kukuangulia nazi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Siku wasipotukanana ujue mmoja anaumwa.

Halafu Mzee Kondo akafariki.

Mjomba alilia, wakuu. Alilia kweli, mpaka akashindwa kuziba pancha ya mteja. Baadaye akapangusa uso akaniambia, "Shija, siku ya kuanua tanga lazima tufanye utani wetu. Tusipofanya, Wazaramo watasema hatukumpenda."

Mjane alikuwa ndani amekaa eda, kwa hiyo shughuli za uani zilisimamiwa na dada wa marehemu aliyekuwa akiishi nao. Tumwite Bi Tatu. Huyu bibi alikuwa mfupi, mwembamba, na ulimi wake ungeweza kunyoa ndevu.

Siku ikafika. Kwa wasiojua, watani msibani wana kazi yao. Wanamwigiza marehemu, wananyakua vitu vya msiba na kuvizuia mpaka wenye msiba wavikomboe, watu wanacheka na majonzi yanapungua. Mjomba alivaa kofia ya kazini ya marehemu, akapuliza filimbi katikati ya ua na kutangaza kwamba treni imechelewa kwa sababu dereva ni Mzaramo na bado anakunywa chai. Watu walicheka huku wanafuta machozi.

Mimi nilisimama ukutani. Bi Tatu akaniona.

"Machibya! Huyu mpwa wako umemleta msibani au umetuletea nguzo ya simu?"

Ua mzima ukanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba akanisogelea, akaninong'oneza, "Chukua kitu. Chochote. Usituaibishe mbele ya hawa watu wa nazi."

Nikatazama huku na huku. Kwenye ua kulikuwa na baiskeli imeegeshwa, na kwenye keria amefungwa jogoo mweupe, mkubwa, mzito. Kwetu watu huja msibani na kuku kama mchango. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ni kuku wa msiba. Nikafungua kamba, nikampakata, jogoo akapiga kelele zote alizokuwa nazo.

Bi Tatu akapiga kofi. "Haya, mpelekeni huko huko, akawafundishe kuamka mapema!"

Watu wakashangilia. Nikamuaga Bi Tatu, nikatoka na jogoo wangu kwapani mpaka kwa mjomba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wengi kunipigia makofi. Nilitembea kama bwana harusi.

Kumbe jogoo hakuwa wa msiba.

Alikuwa wa bwana mifugo aliyehamia karibuni, amepanga chumba mtaa wa pili. Alikuwa amembeba jogoo wa mbegu kumpeleka kwa wafugaji, akapita kidogo kutoa pole. Alikuwa ndani kwenye dua na wanaume wenzake wakati mimi nashangiliwa. Alipotoka akakuta kamba inaning'inia.

Akauliza. Wakamwambia, "Aa, watani hao. Nenda kwa Machibya fundi baiskeli." Hakuna aliyemweleza zaidi. Kila mtu alidhani mtu mzima anajua mambo haya.

Naye hakuwa mtani wetu. Kabila lake na letu hayana utani wowote.

Sasa sikilizeni kosa lililotupeleka mahakamani, maana ni kosa ambalo ni Msukuma tu angeweza kulifanya. Mjomba alipomwona mtu anakuja kudai jogoo, alidhani Bi Tatu amemtuma kuja kukomboa. Kwa hiyo akampokea kwa utani, kwa moyo wote.

"Nimefuata jogoo wangu," alisema bwana mifugo.

"Jogoo wako? Watu wa pwani mnafuga jogoo? Si mnafuga mbu?"

"Mimi si mtu wa pwani."

"Basi umekodiwa! Bi Tatu kaishiwa ndugu, kaenda kukodi mtu. Na amekodi kwa bei rahisi, nikikutazama."

"Mzee, nipe jogoo wangu niondoke."

"Piga magoti kwanza. Halafu rudi kwa waliokutuma, walete sukari."

Yule bwana akavuta pumzi. Akasema polepole, "Mimi si mtani wako. Na jogoo wangu si mtani wako."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Akaninyooshea kidole: "Shija, umesikia? Huyu wamempata! Huyu anaujua utani kuliko marehemu!"

Bwana mifugo aliondoka. Aliporudi alikuwa na polisi.

Na bado mjomba, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kusema ni, "Duh! Bi Tatu kaleta mpaka serikali!"

Polisi akauliza nani alimchukua jogoo. Nikanyoosha kidole, kama darasani.

Hapo ndipo mjomba alipoelewa. Alieleza njiani, akaeleza kituoni, akaeleza mpaka sauti ikakauka. Lakini alikuwa ameshamtukana mwenye jogoo na kumdai sukari ili amrudishie mali yake. Hebu liandike hilo kwenye maelezo ya polisi uone linavyosomeka. Wakasema, mtasemea mahakamani.

Tukapelekwa mahakama ya mwanzo moja ambayo jina nalihifadhi. Palikuwa na hakimu, pembeni yake wazee wawili wa baraza, mwanamume na mwanamke, na karani. Jogoo naye aliletwa kama kielelezo. Alifungwa kwenye mguu wa meza ya karani.

Mjomba na Bi Tatu waliambiwa wakae nje kwa sababu ni mashahidi, wataitwa. Siku hiyo kesi zilikuwa nyingi, watu wamejaa mpaka dirishani. Kwa mtu kama mimi, kusimama mbele ya watu wale ilikuwa adhabu kabla ya adhabu.

Karani akasoma shtaka. Kwamba mimi Shija niliiba jogoo mmoja mweupe, mali ya mlalamikaji. Jogoo akawika. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza.

"Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, wakuu. Nilikuwa na maelezo mazuri yenye mwanzo na mwisho. Yote yakakimbia.

"Ni kweli nilimchukua, lakini..."

"Umesema ni kweli."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ila ni mambo ya utani..."

"Mlalamikaji ni mtani wako?"

"Hapana."

"Basi."

Yule mama wa baraza akainamisha kichwa upande wa hakimu. "Mheshimiwa, kijana hajamaliza."

"Amekiri, mama. Kesi zinasubiri."

Miezi sita. Akamalizia na maneno ya haki ya rufaa, kwa kasi, kama mtu anayesoma mwisho wa taarifa ya habari. Nikatolewa mlango wa nyuma. Mjomba na Bi Tatu wamekaa kwenye benchi mlango wa mbele, wanangoja kuitwa. Niliambiwa baadaye kwamba walikuwa wanatukanana kwa furaha, kila mmoja anafanya mazoezi ya ushahidi wake.

Gerezani nyapara, mfungwa mkubwa wa chumba, alinipokea akaniuliza nimeiba nini.

"Jogoo."

"Na nini?"

"Jogoo tu."

Akanitazama kwa huruma. Nadhani niliwashushia hadhi ya chumba.

Kila nikilala nilikuwa namwona mwenye duara. Kifungo kingeisha. Lakini habari Geita hazichelewi, na jina la mwizi halina siku ya kutoka.

Alikuwepo askari magereza mmoja, mtu mzima, mpole. Akaniita pembeni. "Kijana, umeambiwa una haki ya kukata rufaa?"

"Niliambiwa haraka haraka, shikamoo."

"Marahaba. Una siku thelathini tangu hukumu. Unajua kuandika?"

"Polepole."

"Mahakama haisomi mwendo wa mkono." Akaniletea karatasi na kalamu.

Basi hapo chumba kizima kikawa cha mawakili. Nyapara alisema niandike kwamba jogoo alinifuata mwenyewe. Mwingine akashauri niandike kwamba ukoo wetu una kichaa cha kurithi, kinapanda tukiona manyoya. Aliyekuwa na uhakika kuliko wote ni mzee mmoja aliyekuwa ameshindwa rufaa zake zote. Huyo alitaka nianze na maneno ya Kilatini. Tulipomuuliza anajua yapi, akasema atayakumbuka.

Nikawaacha wabishane. Nikaandika yangu mwenyewe, herufi moja moja, mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Yalikuwa maneno machache. Kwamba niliulizwa kama nilimchukua jogoo, nikasema kweli. Kwamba sikuulizwa kwa nini. Kwamba mashahidi wangu walikuwa nje ya mlango na hawakuitwa.

Askari akasoma, akasoma tena. "Inatosha. Usiongeze kitu."

Nyapara alisikitika sana kwamba sikuweka lile la jogoo kunifuata.

(Najua kuna mkuu atauliza mbona sikuweka wakili. Mkuu, enzi zile mahakama ya mwanzo wakili haruhusiwi kabisa. Na hata angeruhusiwa, ningemlipa nini? Manyoya?)

Siku ya rufaa nikapelekwa Mahakama ya Wilaya pale mjini. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani, ana sauti ndogo. Bwana mifugo naye aliitwa, maana kwenye rufaa yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili.

Hakimu akafungua jalada. Akasoma kimya. Kisha akanitazama.

"Shija, rufaa yako nimeisoma. Unataka kuongeza neno?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Mjomba nyuma yangu akakohoa kikohozi chenye maneno ndani yake. Bado hakuna kitu.

Yule mama akaweka kalamu chini. "Chukua muda wako. Nitakungoja."

Na alingoja kweli, wakuu. Mpaka leo nikikumbuka, hakuna mtu mwenye cheo aliyewahi kuningoja vile.

Nikasema, "Mheshimiwa, nilimchukua mbele ya watu wote. Nilijua ni kuku wa msiba. Sisi ni watani wao. Pale mahakamani nilitaka kusema hivyo nikaambiwa basi."

Bwana mifugo akasimama. "Mheshimiwa, huyu alikiri mwenyewe. Alisema ni kweli."

"Alisema ni kweli alichukua," hakimu akajibu. "Wewe ukija nyumbani kwangu ukachukua mwavuli ukidhani ni wako, umechukua. Je, umeiba?"

Bwana mifugo akafikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, nampa haki yake. "Hapana, mheshimiwa."

"Sasa sijui kama huyu kijana anasema kweli kuhusu huo utani. Inawezekana ni uongo mtupu. Lakini mtu anayesema nilichukua halafu akaanza kutoa sababu, hajakiri kuiba. Hapo ilitakiwa iandikwe amekana, wewe utoe ushahidi wako, naye akuulize maswali, ajitetee, na mashahidi wake waitwe."

Kisha akasoma uamuzi. Hukumu inafutwa, adhabu inaondolewa, na kesi ianze upya mbele ya hakimu mwingine na wazee wengine wa baraza.

Mimi nilisikia "ianze upya" tu. Nikasema, na hiki ndicho kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyowahi kusema mahakamani:

"Mheshimiwa, kama ni hivyo naomba nibaki na ile ya mwanzo. Nilishaanza kuitumikia."

Mahakama nzima ikaanguka kicheko. Hata yule mama akavua miwani akaifuta.

"Shija, umeshinda rufaa," akasema. "Sikukwambia huna hatia, hiyo si kazi yangu leo. Nimesema hukusikilizwa. Nenda ukasikilizwe."

Mjomba akanidhamini, nikarudi Kambarage. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anapita akaniletea ujumbe wa mwenye duara. Nafasi yangu ameishikilia mpaka kesi iishe. Nikishinda niende. Nikishindwa nisijisumbue na nauli.

Kwa hiyo kesi ya pili ndiyo ilikuwa yenyewe.

Hakimu mpya alikuwa mzee mtulivu, na wazee wa baraza walikuwa wapya. Safari hii swali liliporudi, nikasema, "Si kweli kwamba niliiba." Ikaandikwa nimekana. Nikajiona nimemaliza chuo.

Bwana mifugo akatoa ushahidi wake vizuri, bila kuongeza chumvi. Alipomaliza, hakimu akanigeukia.

"Una maswali kwa shahidi?"

Sikujua kama mimi naweza kumuuliza maswali mtu wa serikali. Nikamwangalia hakimu kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikauliza:

"Jogoo alikuwa amefungwa wapi?"

"Kwenye baiskeli yangu."

"Baiskeli ilikuwa wapi?"

"Ndani ya ua. Pale msibani."

"Ulimwambia mtu yeyote kwamba jogoo si wa msiba?"

"Hapana. Sikujua kama inatakiwa."

Nikakaa.

Nami nikajitetea kwa maneno machache, kisha akaitwa shahidi wangu mmoja tu, Bi Tatu; mjomba safari hii hakuwa shahidi, alikaa ndani kusikiliza. Aliingia na baibui lake jipya, akaapa, akasimama kama askari.

"Unamfahamu mshtakiwa?" hakimu akauliza.

"Huyu? Namfahamu. Mshamba. Mpwa wa yule mshamba mkubwa aliyekaa pale."

Watu wakaguna. Hakimu akasema, "Bibi, humu hatutukani."

"Situkani, mheshimiwa. Umeniuliza nikajibu. Nimeapa niseme kweli."

"Je, aliiba jogoo?"

"Mwizi lazima awe na akili, mheshimiwa. Pale dirishani palikuwa na redio ya marehemu. Palikuwa na mchele. Huyu kaacha vyote, kachukua kuku anayepiga kelele, mchana kweupe, watu wanamtazama, halafu akaniaga! Umeona wapi mwizi anaaga? Hawa Wasukuma hata wakifundishwa wizi watafeli."

Mjomba alijitahidi, wakuu. Niliona mishipa ya shingo inavyomtoka. Lakini miaka yote ile ya kujibu ilimshinda.

"Bora sisi tufeli wizi, nyie mmefeli kulima!" alipayuka kutoka kwenye benchi.

"Ulime wewe mwenye mikono ya jembe!" Bi Tatu akamgeukia.

"Kaa kimya, kifuu cha nazi!"

Hakimu akagonga meza mpaka kalamu ikaruka. "Nitawafunga wote wawili! Wewe mzee ni nani?"

"Mtani wake, mheshimiwa," mjomba akajibu, sasa amekuwa mdogo kama mimi.

Nikajua basi, nimekwisha, mjomba amenizika. Niliona duara la Geita linafunikwa na udongo.

Lakini mzee mmoja wa baraza akawa anacheka chini chini, akamnong'oneza hakimu. Hakimu akamtazama bwana mifugo.

"Hebu simama. Siku ile ulipokwenda kudai jogoo, huyu mzee alikusemesha namna gani?"

"Namna hiyohiyo, mheshimiwa."

"Na wewe ukadhani nini?"

"Nikadhani ananitukana."

"Alikuwa anakutukana," Bi Tatu akadakia, "ila kwa heshima."

Hapo hata karani alishindwa kuandika.

Hakimu akamwuliza Bi Tatu swali la mwisho, kwamba yeye mwenyewe siku ile alimruhusu kijana? Bi Tatu akawa mpole ghafla. Akasema ndiyo, alimwambia ampeleke, naye alidhani ni kuku wa msiba. Akasema, "Kaka yangu alicheka na watu hawa mpaka siku anakufa. Yule kijana alikuja kumzika kwa desturi. Kama kuna kosa ni letu sote uani pale, mtufunge sote."

Mjomba alitazama chini. Ndiyo mara pekee niliyowahi kuona Mzaramo akisema na mjomba asijibu.

Wazee wa baraza wakaulizwa maoni yao, wote wawili wakasema kijana hakuwa na nia ya kuiba. Hakimu akakubaliana nao. Alisema nilichukua kwa kuamini kweli kwamba nina haki, na ingawa nilikosea kuhusu mwenye mali, kukosea si kuiba. Nikaachiwa huru. Jogoo, ambaye alishakabidhiwa kwa mwenyewe zamani, akabaki na mwenyewe. Bwana mifugo alinipa mkono. Akasema angeelezwa siku ile asingefika mbali. Nikamwambia hata mimi.

Tulipotoka nje, nikamwendea Bi Tatu kumshukuru. Nilikuwa na machozi.

"Wabeja sana, bibi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akabaki kwenye miguu.

"Viatu vizuri. Vua."

"Bibi?"

"Vua nasema. Umeniweka kizimbani na uzee huu. Vua, mimi ni mtani wako, hakimu kaandika."

Mjomba akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta. Nikavua kimoja, nikavua cha pili, Bi Tatu akavitia kwapani kama nilivyomtia jogoo.

"Ukiona nimekuonea, mahakama hiyo hapo, bado haijafungwa."

Akaondoka zake. Alikuwa ameshafika barabarani ndipo mjomba alipoacha kucheka. Alikuwa amekumbuka kwamba viatu vile aliniazima yeye.

"Bi Tatu! Hivyo ni vyangu!"

"Si mtani wangu na wewe?" akajibu bila kugeuka.

Tukarudi Kambarage, mimi pekupeku kwenye mchanga wa moto, mjomba mbele. Nikamwuliza kama twende kudai. Akasema, "Shija, nyamaza. Tutafungwa."

Siku chache baadaye nilikuwa Geita. Mwenye duara aliuliza kitu kimoja tu, walisemaje? Nikamwambia. Nikashuka shimoni mchana uleule, nikiwa na ndala za kuazima.

Sasa kijana uliyeuliza jana, nisikilize. Rufaa si ya wenye magari. Mimi sikuwa hata na viatu. Kama uliulizwa ulifanya nini lakini hukupewa nafasi ya kueleza kwa nini, au mashahidi wako waliachwa nje, sema hivyo, kwa maneno machache, kabla siku hazijakwisha. Ukiwa ndani, muulize askari magereza akupe karatasi. Usiwasikilize wafungwa wenzako kuhusu Kilatini. Na ukishinda ukaambiwa kesi ianze upya, usifanye kama mimi ukaomba ubaki na kifungo chako.

Wanasheria mliomo humu, kama sheria zimebadilika tangu enzi zile nirekebisheni, sitakasirika. Wengine, nani kafikishwa mahakamani kwa jambo la mila? Tuambieni.

Na Wazaramo mliomo humu, najua mko wengi, naomba mchangie kwa ustaarabu. Ninajua haiwezekani, lakini naomba.